Motokaa Inapochemka: Kazi ya Thamostati na Jinsi ya Kuibadili Nyumbani

Msafiri apandaye mlima kutoka Maai Mahiu kwenda Limuru hakosi kuona motokaa iliyosimama kando ya barabara, kifuniko cha injini kimeinuliwa, mvuke mweupe wafuka, na mwenyewe amesimama mbele yake asijue la kufanya. Aghalabu nyuma ya gari hilo pana magunia ya viazi au masanduku ya nyanya yanayongojewa sokoni Nairobi, na kila saa ipitayo yapunguza bei yake. Hasara hiyo yaonekana kwa macho. Lakini iko hasara nyingine isiyoonekana bado, nayo ni kubwa zaidi: kichwa cha injini kilichopindika kwa joto na gasketi iliyoungua. Kazi ya kutengeneza hayo yaweza kula faida ya mavuno ya msimu mzima, au akiba ya karani ya miezi mingi.

Mara nyingi chanzo cha msiba huo ni kitu kidogo. Huwa ni mpira uliopasuka, mkanda uliolegea, kifuniko cha rejeta kilichochakaa, au kile chombo kidogo kiitwacho thamostati, ambacho hutoshea katika kiganja cha mkono. Mtu mwenye spana chache, sufuria moja na subira ya kutosha aweza kuchunguza hayo yote uani kwake, na thamostati aweza kuibadili mwenyewe kwa muda wa saa moja au mbili.

JOTO LA INJINI NA NJIA YA MAJI

Petroli iunguapo ndani ya silinda, moto wake hupita nyuzi 2,000 za sentigredi kwa nukta ndogo ya wakati. Sehemu tu ya joto hilo hugeuka kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu. Sehemu nyingine hutoka na moshi, na karibu theluthi moja huingia katika chuma cha injini, nayo yapasa kuondolewa na maji. Lau isingeondolewa, pistoni zingevimba na kukwama ndani ya silinda, na mafuta ya kulainisha yangeungua.

Kwa hiyo maji huzungushwa. Pampu huyasukuma kupita katika nafasi zilizo kando ya silinda, nayo huchukua joto. Kisha hupita katika mpira mnene na kuingia rejeta, ambayo ni mkusanyiko wa mirija myembamba yenye mapezi ya bati. Upepo wa safari na ule wa feni hupita kati ya mapezi hayo na kuyapoza maji, nayo hurudi katika injini kwa mpira wa pili. Motokaa za zamani za Ford Model T, zilizotengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, karibu zote hazikuwa na pampu. Zilitegemea tabia ya maji ya moto kupanda juu na ya baridi kushuka chini. Kwa injini za nguvu za siku hizi njia hiyo haitoshi.

THAMOSTATI NI BAWABU

Wako watu wanaodhani kwamba injini ikiwa baridi zaidi ndivyo ilivyo njema zaidi. Hilo si kweli. Injini baridi hula petroli nyingi, maana petroli haiwi mvuke vizuri. Nyingine huteremka kando ya silinda na kuosha mafuta, na kuta za silinda hulika upesi. Tena unyevu hukusanyika ndani ya mafuta ya injini na kuyafanya tope. Injini yahitaji joto la kadiri, lisizidi wala lisipungue, na kazi ya thamostati ni kulilinda joto hilo.

Thamostati yafanana na bawabu mlangoni. Injini ikiwa baridi, bawabu hufunga mlango, na maji huzunguka ndani ya injini tu, hayaendi katika rejeta. Kwa hiyo injini hupata moto upesi. Maji yafikapo joto lililowekwa, mlango huanza kufunguka, na maji ya moto huenda kupozwa. Joto likishuka, mlango husongea kidogo. Likipanda, hufunguka zaidi. Hivyo ndivyo injini ikaavyo katika joto moja, ikiwa Mombasa wakati wa kaskazi au Kinangop wakati wa baridi ya mwezi wa Julai.

Bawabu huyu haendeshwi na umeme wala na dereva. Ndani yake mna kikopo cha shaba kilichojazwa nta ya namna maalum. Nta ikiyeyuka huvimba, na katika kuvimba husukuma kijiti cha chuma, na kijiti hufungua mlango. Nta ikipoa hunywea, na springi huufunga mlango tena. Ufundi huu wa kutumia nta ulianzishwa miaka ya 1930 na Sergius Vernet wa Marekani. Kabla ya hapo vilitumika vikopo vyenye mikunjo vilivyojazwa kimiminiko chepesi kuchemka.

Juu ya thamostati nyingi hupigwa chapa ya namba, kama 82 au 88. Hiyo ni idadi ya nyuzi za sentigredi ambazo mlango huanza kufunguka. Haufunguki wote mara moja, bali hukamilika joto likiongezeka kwa nyuzi kama 10 hata 15 hivi. Kwa mfano, zile zinazotumika katika injini nyingi za Toyota Corolla huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na zifikapo nyuzi 95 mlango wapasa kuwa umefunguka kadiri ya milimita 8 au zaidi.

MAJI HUCHEMKA MAPEMA MILIMANI

Jambo moja lawahusu hasa wakaao nyanda za juu. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini kadiri mtu apandavyo mlima, uzito wa hewa hupungua, na maji huchemka mapema. Nairobi huchemka karibu na nyuzi 94, Limuru karibu na 92 au 93, na huko Timboroa karibu na 91. Mpishi yeyote aliyepika maharagwe milimani alijua jambo hili kabla ya mafundi.

Basi mtu aweza kuuliza: ikiwa injini hufanya kazi kwa nyuzi 90 na kitu, mbona kila gari lipitalo Timboroa halichemki? Jibu li katika kifuniko cha rejeta. Hicho si kizibo tu. Ndani yake mna springi inayozuia mvuke usitoke, na maji yakibanwa hivyo hukataa kuchemka mapema. Juu yake huandikwa namba kama 0.9, 1.1 au 13, kuonyesha kadiri ya mbano. Kifuniko kizima chenye namba 0.9 huweza kulizuia maji ya pwani yasichemke hata karibu na nyuzi 120. Springi ikichoka au mpira wake ukipasuka, kinga hiyo yote hupotea, na motokaa iliyokwenda vizuri Mtito Andei itachemka ikifika juu, ijapokuwa rejeta na thamostati ni nzima. Kwa hiyo mtu asijaribu kuziba rejeta kwa kitambaa, au kwa kifuniko cha gari jingine kwa kuwa chaingia tu.

DESTURI MBAYA YA KUITOA

Imeenea katika nchi hizi desturi ya kuitoa thamostati na kuitupa mara injini ichemkapo, kwa hoja ya kwamba nchi zenye jua haziihitaji. Yafaa kuwafikiria majirani wawili wenye magari ya namna moja, na thamostati zao zimekwama. Mmoja ashauriwa kuitoa, naye afurahi, maana safari ya kesho haichemki. Lakini kila asubuhi injini yake yazunguka muda mrefu ikiwa baridi, petroli yazidi kuliwa, na mafuta yawa meusi na mazito upesi. Baada ya miaka michache silinda zimelika, na gari latoa moshi wa buluu. Wa pili anunua thamostati mpya, ambayo bei yake ni ndogo mno kuliko ya injini, na gari lake laendelea kumtumikia. Aliyeokoa pesa ni huyu wa pili.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika injini nyingi iko njia ndogo ya pembeni ambayo maji hupita wakati mlango mkubwa umefungwa. Thamostati ifungukapo huiziba njia hiyo kwa kisahani kilicho upande wake wa chini, ili maji yote yaende katika rejeta. Ikitolewa, njia ya pembeni hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani bila kupozwa. Injini ya namna hiyo, ikipanda mlima na mzigo, huweza kuchemka kwa sababu ile ile ya kukosa thamostati. Dawa imegeuka kuwa ugonjwa.

KUTAFUTA CHANZO KWA UTARATIBU

Haifai kununua thamostati kabla ya kujua kosa liko wapi. Uchunguzi wote uanze asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, na ufuate utaratibu, kutoka jambo jepesi mpaka lililo gumu.

Kwanza, maji. Na afungue kifuniko na kutazama kama maji yamejaa. Yakipungua siku kwa siku, lazima yana mahali yanapotokea. Na atazame chini ya gari, katika viungo vya mipira, katika rejeta na chini ya pampu. Mahali panapovuja polepole huacha alama nyeupe, au ya kijani au nyekundu kama kulanti imetumika.

Pili, mipira. Na aibonyeze kwa mkono. Iliyo laini kupita kiasi, iliyovimba, au yenye nyufa imekwisha kazi. Mpira wa chini ukiwa umelegea huweza kunyonywa na pampu hata ukabanana injini ikienda kasi, kisha ukajifungua tena gari likisimama. Kosa hilo huwasumbua mafundi wengi kwa kuwa halionekani gari likiwa limetulia.

Tatu, mkanda na feni. Katika magari mengi mkanda mmoja ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukisukumwa kwa kidole katikati, upasa kuingia ndani kama sentimita moja hivi. Ukizidi sana umelegea. Ikiwa feni ni ya umeme, injini iachwe ikizunguka mpaka ipate moto, ili ionekane kama feni huanza yenyewe. Isipoanza, fyuzi na nyaya zichunguzwe. Motokaa ichemkayo mjini katika msongamano, lakini ipoayo ikienda mbio katika njia wazi, aghalabu ina ugonjwa wa feni. Ile ichemkayo ikipanda mlima au ikienda mbio, aghalabu ina ugonjwa wa rejeta, pampu au thamostati.

Nne, uso wa rejeta. Magari ya shambani hukusanya mbegu za majani, wadudu na matope kati ya mapezi, hata upepo usiweze kupita. Na yaoshwe kwa maji ya mpira, yakipigwa kutoka upande wa injini kwenda nje. Nguvu ya maji isizidi, maana mapezi ni laini na hulala.

Tano, ndani ya rejeta. Maji ya visima vingi yana chumvi na chokaa, nayo hujenga gamba ndani ya mirija kama lile la ndani ya birika. Rejeta ikiwa na moto, injini ikiwa imezimwa, na apapase uso wake kwa uangalifu. Mahali palipo baridi katikati ya moto ndipo palipozibwa.

Sita, thamostati yenyewe. Injini baridi ianzishwe, na mkono uwekwe juu ya mpira wa juu wa rejeta, mbali na feni na mkanda. Kwa dakika kadhaa za kwanza mpira upasa kubaki karibu baridi, kisha upate moto kwa ghafula mlango ufungukapo. Mshale wa kipimajoto ukipanda kuelekea alama nyekundu, na rejeta bado baridi, yamkini thamostati imekwama ikiwa imefungwa, au maji hayazunguki. Mpira ukianza kupata moto tangu dakika ya kwanza, na mshale usipande kamwe mahali pake pa kawaida, thamostati imekwama ikiwa wazi, au iliondolewa na mwenye gari wa kwanza bila kumwambia mnunuzi.

KUITOA

Vyombo vinavyohitajiwa ni spana, mara nyingi za namba 10 na 12, bisibisi au koleo la kufungulia vibano vya mipira, karai safi, kisu kisichokata sana, na kitambaa. Thamostati mpya inunuliwe pamoja na gasketi au pete yake ya mpira, nayo iwe na namba ile ile iliyoamriwa na watengenezaji wa gari. Mtu asidanganywe kuchukua ya namba ndogo kwa kudhani kwamba itapoza zaidi. Namba huamua mlango uanze kufunguka lini. Haiongezi ukubwa wa rejeta.

Injini iwe baridi. Karai liwekwe chini ya rejeta, na maji yafunguliwe kwa chini mpaka yateremke kupita mahali pa thamostati. Kulanti isimwagwe uani. Nyingi zina sumu yenye ladha tamu, na mbwa au mtoto akiinywa huweza kufa. Ikiwa bado ni safi, ifunikwe ipate kurudishwa.

Mahali pa thamostati hujulikana kwa kufuata mipira. Katika magari mengi ya zamani, kama Land Rover za kwanza, imo mwisho wa mpira wa juu, mbele ya kichwa cha injini. Katika injini nyingi za Toyota imo mwisho wa mpira wa chini, karibu na pampu. Pale mpira unaposhikana na injini pana kifuniko cha chuma chenye nati au bolti mbili au tatu. Hizo ndizo za kufungua. Nati ikikataa, ipakwe mafuta na kungojewa. Bolti ikikatika ndani ya alumini, kazi ya saa moja hugeuka kuwa ya siku mbili.

Kifuniko kikitoka, thamostati itazamwe vizuri kabla ya kuondolewa: upande upi umeelekea injini, na kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kiko wapi. Mwenye busara huandika katika karatasi au hupiga picha kwa simu.

KUIJARIBU KATIKA SUFURIA

Thamostati ya zamani na ile mpya zote zijaribiwe, maana hata kipya chaweza kuwa kibovu. Kila moja ifungwe uzi kwa njia hii: mlango wake ufunguliwe kidogo kwa nguvu ya vidole, mwisho wa uzi upenyezwe, kisha mlango uachwe uubane. Ikiinuliwa kwa uzi huo itaning'inia. Itumbukizwe katika sufuria ya maji baridi iliyo juu ya jiko, isiguse chini wala kando, na kipimajoto cha maji kiwekwe karibu nayo. Maji yapate moto polepole huku yakikorogwa. Mlango uanzapo kufunguka, uzi utaachiliwa, na thamostati itaanguka. Namba ya kipimajoto wakati huo ilinganishwe na chapa. Tofauti ya nyuzi mbili au tatu si neno. Isipoanguka hata maji yakichemka, imekufa. Ikiwa haiwezi kuushika uzi hata katika maji baridi, imekwama wazi.

Hapa wakaao milimani na wakumbuke habari ya kuchemka. Mtu wa Limuru akiijaribu thamostati ya namba 82, maji yake yatachemka kwa 92 au 93 kabla mlango haujafunguka wote. Asiitupe kwa sababu hiyo. Na atazame ilipoanza kufunguka. Ile ya namba 88 itafunguka kidogo tu katika sufuria yake, nayo ni nzima.

KUIWEKA MPYA

Mabaki ya gasketi ya zamani yakwanguliwe kwa kisu, taratibu, bila kuchimba chuma, na kitambaa kizibe tundu ili takataka zisiingie. Thamostati iwekwe kama ile ya kwanza ilivyokaa: kikopo cha nta na springi vielekee injini, kwenye maji ya moto. Ikigeuzwa, kikopo hakitapata joto upesi, na injini itachemka kama kwanza. Kitundu chenye kipini, kama kipo, huwekwa juu, isipokuwa kitabu cha gari kikiagiza vingine. Kazi yake ni kupitisha hewa iliyonaswa wakati wa kujaza maji.

Gasketi mpya au pete ya mpira iwekwe mahali pake, kifuniko kirudishwe, na nati zikazwe kwa zamu, kidogo huku na kidogo huku, ili kifuniko kikae sawasawa. Nguvu isizidi ya kifundo cha mkono. Kifuniko cha alumini kikikazwa upande mmoja hupasuka, au hupinda na kuvuja.

KUJAZA MAJI BILA KUFUNGIA HEWA

Sehemu hii ndiyo inayoharibu kazi ya wengi. Hewa ikinaswa ndani ya injini, maji hayafiki kila mahali, na motokaa huchemka siku ile ile. Mwenye gari akadhani thamostati mpya ni mbovu.

Lililo bora ni kulanti iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, au kwa kadiri iliyoandikwa kwenye chupa, maana huzuia kutu na pia hupandisha nyuzi za kuchemka. Katika shida, maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa ni mema kuliko ya kisima, kwa kuwa hayana chokaa. Lakini maji matupu yasiachwe humo miezi mingi.

Na amimine polepole. Hita ya gari iwekwe kwenye moto, mipira ibonyezwe mara kwa mara, na kizibo cha kutolea hewa kifunguliwe kama kipo. Kisha injini ianzishwe kifuniko kikiwa wazi, izunguke polepole. Mapovu yatatoka. Thamostati ifungukapo, maji yatashuka ghafula na mpira utapata moto. Hapo na aongeze maji, afunge kifuniko, na aijaze chupa ya akiba mpaka alama yake. Baada ya safari fupi, injini ikiisha kupoa kabisa, maji yatazamwe tena. Safari ndefu yenye mzigo isifanywe kabla ya hapo.

INJINI IKICHEMKA NJIANI

Mshale ukianza kupanda mlimani, dereva na apunguze mwendo, azime mtambo wa kupoza hewa kama upo, na afungue hita kwa nguvu zake zote, hata ikiwa wasafiri watatoka jasho. Hita ni rejeta ndogo, nayo husaidia. Ukifika kwenye alama nyekundu, au mvuke ukitoka, na aondoke barabarani, azime injini, aweke alama za hatari nyuma ya gari, na angoje. Akiendelea kilomita mbili tatu ili afike kilele, huenda akafika, lakini injini haitafika nyumbani. Wala asifarijiwe na mshale ukishuka ghafula bila sababu. Maji yakiisha kabisa, kipimajoto hubaki katika hewa tupu na kusema uongo.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa humo yamepita nyuzi za kuchemka, na mbano ukiondolewa hugeuka mvuke mara moja na kurukia uso na mikono. Wako watu waliopoteza macho kwa haraka ya dakika tano. Na angoje nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uweze kushikwa bila kuunguza na usiwe mgumu. Ndipo aweke kitambaa kinene, azungushe kifuniko hatua ya kwanza tu, mvuke utoke, kisha akiondoe. Maji baridi yasimwagwe ndani ya chuma cha moto, kwani kichwa cha injini hupasuka kama chungu. Yaongezwe kidogo kidogo injini ikiisha kupoa.

Ziko dalili ambazo zikionekana, mtu na aache spana zake na aende kwa fundi: mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta injini ikizunguka, moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikiwa ya moto, maji yapunguayo bila kuonekana yanapovuja, au mafuta yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia. Hizo ni dalili za gasketi ya kichwa cha injini kuungua, na thamostati mpya haitaponya.

Kwa yote mengine, mwenye gari yafaa awe na daftari ndogo ndani ya motokaa, na humo aandike namba ya thamostati, namba ya kifuniko cha rejeta, tarehe aliyobadili kulanti, na kila mara alipoongeza maji na kiasi alichoongeza. Ikiwa mwezi wa kwanza hakuongeza kitu, wa pili akaongeza kikombe, na wa tatu akaongeza chupa mbili, daftari itakuwa imemwambia mapema, akiwa bado nyumbani kwake na vyombo vyake karibu, habari ambayo mwenzake ataipata kilele cha mlima, usiku, na mzigo wa maziwa nyuma ya gari.